Majina Chini ya Soli

3 Juni

Baba watoto,

Habari za macho? Za mengine nitakuuliza baadaye. Binti yetu aliniambia kwenye simu kwamba bandeji imetolewa, nikaomba nikusikie mwenyewe, ukaniambia "mzima, mzima, mzima" kisha ukakata. Kugonga misumari kumekumaliza masikio, na simu inakupa nafasi ya kunikwepa. Kwa hiyo naandika. Kondakta wa basi la asubuhi amekubali kubeba barua zetu, mradi nimpigie pasi mashati yake.

Sasa nisikilize. Jana mwenye nyumba alikuja dukani kwako. Alikuja kwa upole kabisa, kofia mkononi. Alisema anataka kile chumba chako avunje ukuta wa katikati, ampanulie mwanawe duka, lakini hana haraka, atasubiri mpaka upone urudi mzungumze. Nikamshukuru. Basi akaviona viatu vyake vyeusi pale juu ya rafu, akasema ngoja avichukue kabisa. Akavigeuza aone soli uliyomwekea. Chini umeandika kwa chaki, herufi kubwa: MKONO WA BIRIKA.

Alisoma, akanitazama, akasoma tena. Akaniuliza, "Hii ndiyo mimi?"

Nikajifanya sijui kusoma. Sasa anataka chumba chake mwisho wa mwezi huu, na siku ya ziada hatoi.

Mume wangu, kumbe miaka yote hii unaandika nini chini ya viatu vya watu? Alipoondoka nilivigeuza kimoja kimoja. DOMO KAYA. KIGUU NA NJIA. NDUMILAKUWILI. MACHOZI YA MAMBA. Hawa ni watu ninaowafulia mashuka! Nilikaa kwenye stuli yako nikacheka mpaka mbavu zikaniuma, halafu nikaona aibu.

Niambie la kufanya. Rafu zote zimejaa na sakafuni kuna gunia. Watu walileta, ukatengeneza, hawakurudi. Muuza mitumba amechungulia, yuko tayari kubeba vyote kwa mkupuo. Jirani anasema tuvichome. Mimi naona vitupwe. Wangekuwa wanavitaka wangevifuata.

Mkeo,
Dobi


6 Juni

Mama watoto,

Mkono unaoandika ni wa binti yako, maneno ni yangu. Daktari amenikataza kuinamia karatasi kwa muda. Macho yanaendelea vizuri sana. Juzi nimesoma kalenda ya ukutani, mpaka zile herufi ndogo za chini. (Baba amesema niandike hivyo, nami nimeandika. Mwanao.)

Usichome kitu. Muuza mitumba usimpe hata kamba ya kiatu. Najua wewe ukiona kitu kimekaa unaona uchafu, lakini kiatu nilichokwisha kukitengeneza si taka. Mtu amekivua mbele yangu, amekaa kwenye stuli mguu mtupu, soksi imetoboka na anaificha, amenikabidhi. Kama hajarudi, huenda hajapata nafasi.

Kuhusu chaki, ile ilikuwa yangu, haikuandikwa isomwe na watu. Majina yao sikuwahi kuyauliza. Jina mtu anapewa na wazazi wake kabla hajaanza kutembea. Mimi nilikuwa namwandika anavyokanyaga. Ndumilakuwili ni yule fundi bomba, na wala hana maneno mawili, ni mtu safi. Kiatu chake cha kulia kinaisha kwa ndani, cha kushoto kinaisha kwa nje, nami nilikuwa nashindwa kuelewa anakwenda wapi. Machozi ya Mamba ni mpishi wa shule, viatu vyake vinalia njia nzima na havina ubovu wowote. Kiguu na Njia ni yule mpeleka barua mstaafu ambaye mpaka leo hawezi kukaa kwake. Domo Kaya ni jirani yako wa kushoto, kiatu chake kinaachama mbele. Sawa, na yeye pia anaachama. Mkono wa Birika mwombee radhi kwa niaba yangu, ingawa maisha yake yote ananiambia nimwekee nusu soli.

Kwa hiyo kazi ni nyepesi. Geuza, soma, mpelekee mwenyewe. Nikirudi nataka nikute rafu tupu kwa sababu viatu vimekwenda makwao. Na mwenye nyumba mbembeleze anipe mwezi mmoja zaidi. Nikikaa naye ana kwa ana tutaelewana.

Mumeo,
Fundi


10 Juni

Baba watoto,

Nimeanza. Nimebeba viatu vya watu kwenye kapu la nguo, mtaa mzima unadhani nimebadilisha kazi.

Ila chaki yako nyingine haisomeki vizuri, unajua tena unyevunyevu wa chumba kile. Kwa hiyo barua ijayo niandikie na rangi, nani ana vyeusi, nani ana vya kahawia, nisije nikachanganya. Jirani wa kushoto nimempelekea vile vyekundu vya visigino. Alivishangilia, akanikumbatia, halafu akasema si vyake ila atavichukua. Mpeleka barua nilimpa jozi ya kahawia yenye kamba. Alivivaa palepale mlangoni, akatembea mpaka kwenye geti na kurudi, akavivua. Akaniambia kwa adabu zake zote, "Mama, fundi ameniwekea miguu ya mtu mwingine." Ndumilakuwili yeye hakuwepo.

Halafu kuna yule mwalimu wa kike wa ghorofani. Vyake vina vifungo vya shaba, ulimwandikia MGUU WA KUAZIMA, hivyo nilivikumbuka vizuri. Alifungua mlango nusu. Akavitazama, akasema, "Jamani, hivyo nilishavisahau. Vitupe tu." Hakuvigusa. Nikasimama pale na viatu mkononi kama nimekwenda kuomba chumvi. Mume wangu, ulivishonea vile kisigino kipya, nakumbuka, ulirudi nyumbani kidole kinatoka damu. Njia nzima nilimkasirikia mtu ambaye hajanikosea kitu. Nguo zake za wiki hii nimezipiga pasi kwa hasira, kola zimesimama zenyewe.

Jambo jingine. Nimegeuza na vyangu, hivi ninavyovaa na vile vya zamani. Havina chochote. Mtaa mzima una majina, mpaka mwenye nyumba. Mkeo hakustahili hata jina baya?

Na mbona hujasema unarudi lini?

Dobi


14 Juni

Mama watoto,

Rangi sikumbuki. Rangi ni dawa ya viatu tu, inabadilika kila mara. Nitakwambia kitu kisichobadilika. Vya Kiguu na Njia kisigino kimeliwa upande wa nje, na karibu na kidole gumba cha kulia kuna kovu la mshono wangu. Pitisha kidole ndani utaligusa. Vya mpishi wa shule ni vizito kuliko vinavyoonekana. Vya fundi bomba viweke mezani, vitalala kila kimoja na upande wake.

Mwalimu usimkasirikie. Asiyetaka usimlazimishe. Nimekuwa nikifikiri juu ya jambo hilo huku nilipokaa. Mtu akileta kiatu kwa fundi anakuwa na nia nacho siku ile. Kisha anarudi nyumbani peku au na kandambili, anaona maisha yanakwenda, nia inakwisha. Mimi huku nyuma naendelea kushona. Labda zile rafu nilijaza mwenyewe. Labda ningewauliza mapema kama bado wanavitaka.

Macho mazuri. Asubuhi hii nimemwona ndege ametua kwenye waya. (Baba amesema niandike hivyo.)

Binti yako ananing'ang'ania nikae kidogo. Kuna kiti kizuri hapa karibu na dirisha, na majirani si wabaya. Chumba mwachie mwenye nyumba, usigombane naye kwa ajili yangu. Nyundo na msharasi mpe yule fundi wa kituo cha mabasi, wake umepinda, anatoboa ngozi kwa kubahatisha. Hivyo vilivyobaki ukiona vinakusumbua mwite muuza mitumba.

Na vile viatu vyangu vya kazini, vya kahawia, viko chini ya meza, vitupe. Vimechoka. Hivi alivyoninunulia mwanao vinanitosha.

Jina utalipata siku nyingine.

Fundi


16 Juni

Mwanangu,

Hii ni yako. Usimsomee baba yako. Ingia nayo bafuni ukibidi.

Nimeolewa na mtu ambaye hawezi kutupa msumari uliopinda. Kandambili ya mgeni aliyepita njia ameiweka kwenye rafu tangu wewe ukiwa shule ya msingi, akisema mwenyewe akirudi ataiulizia. Wiki iliyopita nilitaka kutupa viatu vya watu, akanikemea kutoka huko mliko. Leo ananiambia nivitupe vyake. Vile vya kahawia anavyovaa akikaa kazini, alivyojitengenezea mwenyewe mara nyingi hata sijui kama kuna kipande kilichobaki cha mwanzo.

Nilikwenda dukani nikainama chini ya meza. Vipo, vimekaa vidole vikitazama mlango. Nikakaa sakafuni. Mtu anayerudi hatupi viatu vyake, mwanangu. Nimekuwa dobi miaka mingi, najua mtu anayeondoka kabla hajasema, nguo zake zinaacha kuletwa.

Na wewe na hayo mabano yako! "Baba amesema niandike hivyo." Ulidhani mama yako anaruka mabano? Hakuna aliyewahi kumwona baba yako akitazama ndege, hata alipokuwa na macho mazima.

Nitakuambia langu ili nawe uniambie lako. Yale majina yote nimeyafuta. Siku ileile mwenye nyumba alipotoka dukani amenuna, niliona haya, nikaogopa mwingine asije akajisoma. Nikaleta ndoo na sabuni na brashi, nikazisugua soli zote mpaka zikang'aa. Unanijua, nikishika brashi siachi. Barua ya baba yako ilipofika, "geuza, soma, mpelekee mwenyewe," nilikuwa nimezianika zimekauka. Sikuwa na ujasiri wa kumwambia. Nimekuwa nikikisia tangu siku hiyo, na mtaa umevaa viatu vya wenzake.

Sasa sema. Daktari amesema nini?

Mama


18 Juni

Shikamoo mama,

Naandikia wodini, niko zamu, nimeketi kwenye chumba cha dawa. Nisamehe. Aliniapisha siku ile ile daktari alipotuambia, ameshika mkono wangu kwa nguvu nikashindwa kuuchomoa.

Mtoto wa jicho walimtoa vizuri. Lakini nyuma yake kulikuwa na presha ya macho ya siku nyingi, na mishipa imekufa. Jicho la kushoto halioni kabisa. La kulia linatambua kwamba ni mchana, na kama mtu akisimama dirishani linajua kuna kitu kimesimama. Daktari ametuambia waziwazi kwamba hapo ndipo mwisho, hakuna miwani wala upasuaji mwingine. Nimemtafuta na daktari wa pili, akasema maneno yale yale.

Baba hakulia. Aliuliza swali moja, kama mtu wa hali hiyo anaweza kutunga uzi kwenye sindano. Daktari akadhani ni utani akacheka. Tangu siku hiyo anakaa kwenye kiti cha dirishani. Nilimuuliza kwa nini asikuambie. Akasema, "Mama yako amefua nguo za watu maisha yake yote. Sitaki aanze kunishika mkono kunipeleka chooni. Chumba kinakwenda, akijua na macho yamekwenda, atasema nirudi. Akisema nirudi, nitarudi, halafu nitakaa nikimsikiliza anavyochoka."

Kwa hiyo mpango wake ni kukaa kwangu kidogo kidogo, mpaka uzoee. Mimi namtaka akae, mama, sitakudanganya. Lakini simtaki akae namna hii. Hagombani na mtu. Chai ikiwa baridi anakunywa.

Kuhusu viatu, nina wazo. Hapa wodini watu wanaletwa wamebebwa, wengine wa ajali, viatu vimebaki barabarani. Siku ya kuruhusiwa wanasimama mlangoni hawajui watokeje. Jana mzee mmoja ameondoka amefungwa mifuko ya plastiki miguuni. Vile ambavyo wenyewe hawavitaki, nitumie. Huku vinatakiwa.

Jana nilimpa baba kiatu changu cha kazini, nikamwambia kinanibana. Alikishika kidogo tu. Akaniambia, "Wewe siku hizi unasimama sana kwenye mguu wa kulia. Mgongo unakuuma, hujasema." Ni kweli, na sikuwa nimesema.

Mwanao


22 Juni

Baba watoto,

Mwanangu, msomee kwa sauti, sogea upande wenye sikio zuri, na usiruke neno.

Najua. Usimgombeze mtoto, nilimbana mimi. Najua kuhusu kushoto na kulia, na najua kalenda hukuisoma. Na mimi nina langu. Majina yako yote nimeyafua. Kwa sabuni na brashi, siku ya kwanza kabisa, kabla barua yako haijafika. Unyevunyevu wa chumba ulikuwa uongo. Hicho ndicho tulichobakiwa nacho, mume wangu, wewe huna macho na mimi sina majina. Tumedanganyana tukatoka sare.

Nimekasirika, na nataka ujue nimekasirika kwa nini. Macho si kosa lako. Nimekasirika kwa sababu uliketi kwenye kiti cha watu ukaamua peke yako kwamba utanichosha. Nani alikuuliza? Maisha yangu yote nabeba makapu ya nguo mbichi, mashuka ya hoteli yaliyolowa, mapazia. Wewe u mkavu na umekonda. Utanilemea kwa lipi?

Nilikutaka ushone lini? Niliolewa nawe kwa ajili ya viatu? Jioni hapa nakunja nguo, hakuna wa kuniambia nimekunja vibaya. Juzi nimeongea na pasi. Nakuhitaji ubishe, basi. Na kama ni chooni, njia unaijua, tangu enzi zile ulikuwa unakwenda gizani kwa sababu ulikuwa mvivu wa kutafuta kiberiti.

Chumba nimekitoa. Nilimpelekea mwenye nyumba ufunguo na mapazia yake nimeyafua bila kuombwa, akalainika, akanisaidia yeye mwenyewe kubeba rafu zako. Nimezipanga kibarazani kwetu, upande wa kamba za nguo. Nyundo na msharasi sijampa mtu. Fundi wa kituo cha mabasi anakusalimu, anasema atakuwa anapita kukutungia uzi akiwa njiani kwenda kazini, nawe umwambie kwa nini gundi yake inaachia.

Sasa kazi. Ndani ya magunia haya ndimo vilimo viatu vyote vilivyobaki, na vile nilivyowanyang'anya waliopewa visivyo vyao. Jirani wa kushoto alilia kutoa vile vyekundu. Nimefunga kila jozi pamoja. Vishike, umwambie mwanao ni vya nani, aandike karatasi aingize ndani, mnirudishie nivipeleke. Ambavyo mwenyewe havitaki, au hayupo tena, vibaki wodini kwa wanaotoka peku.

Kuna jozi moja sikuifunga kwa kamba za viatu, nimeifunga kwa kamba ya kuanikia nguo. Hiyo sikuiosha, ndiyo pekee. Nataka uniambie ni ya nani. Mwenyewe aliniandikia niitupe. Kama bado ana neno hilo, itupeni huko huko, mimi mkono wangu hauwezi. Kama amebadili neno, mwambie anahitajika nyumbani.

Dobi


26 Juni

Mama watoto,

Viatu vimefika. Sebule ya binti yako haina pa kukanyaga, mkwe wetu amehamia jikoni.

Nimevipitia. Ulivyoviosha ni kweli umeviosha, vinanuka shuka. Lakini brashi yako haikufika ndani. Ndani kila mtu bado yupo. Niliingiza mkono kwenye jozi ya kwanza nikamkuta Kiguu na Njia, kovu lile pale pale, nikamsalimu kwa sauti, mwanao akadhani nimechanganyikiwa. Fundi bomba nimempata kwa kuviweka sakafuni. Mpishi wa shule nimempata kwa uzito. Vile vyekundu vya jirani yako wa kushoto kwa kweli ni vya mke wa mwenye nyumba, na ninakushauri uvirudishe jioni, mumewe akiwa hayupo, maana hakuvinunua yeye. Karatasi zote ziko ndani. Safari hii nimemwambia mwanao aandike majina ambayo mtu anaweza kuyasoma mbele ya watoto wake.

Vya mwalimu nimevishika kwa muda mrefu. Nilimwita Mguu wa Kuazima kwa sababu alikuwa anakanyaga kama viatu si vyake, taratibu, asiviharibu. Nadhani alivinunua kwa ajili ya jambo fulani na jambo halikuja. Si kwamba alivisahau. Jana vimetoka wodini na mwanamke aliyejifungua, aliletwa hospitalini amebebwa usiku wa mvua. Mwanao anasema alitembea navyo ukumbi mzima akijitazama. Sasa vina mwenyewe. Mwalimu usimwambie kitu, mfulie nguo zake kama kawaida, na kola zilegeze.

Vingine wenyewe wamekwisha kufa, nawajua. Hivyo navyo nimevitoa. Nilidhani vitaniuma, havikuniuma sana. Nilikuwa nalinda viatu nikidhani nalinda watu.

Sasa jina lako, maana uliuliza. Sikukuandika kwa sababu chaki ni ya mtu unayeogopa kumsahau. Vyako huwa navijua vikiwa bado mlangoni. Unatua kisigino cha kushoto kwa nguvu, kwa ajili ya kapu unalobeba kulia, na kila mwaka nilikuwa nakiongezea ngozi kidogo ulipolala, ukawa unasifu kwamba siku hizi wanauza viatu imara. Niliogopa nikikuambia utaacha kubeba upande huo, utahamia mwingine, nianze upya.

Naogopa, mama watoto. Naogopa kukaa kibarazani watu wakipita wakinong'ona. Naogopa zaidi ile siku ya kwanza utakapochoka na usiseme.

Kuhusu ile jozi ya kamba ya nguo, nimeishika. Mwanangu, mwambie mama yako kwamba mwenyewe simjui. Ni mzee mmoja mkaidi, soli zimeshonwa juu ya soli, kisigino cha kulia kina msumari wa

Shikamoo mama, sasa ni mimi mwanao. Barua imekatika kwa sababu aliyekuwa ananitajia maneno ameinuka. Amevivaa. Amekataa nimfunge kamba, amefunga mwenyewe, na ametembea kutoka kwenye kiti mpaka mlangoni bila kushika ukuta, akapita katikati ya viatu vyote vile na hakukanyaga hata kimoja. Anauliza basi la kwanza linaondoka saa ngapi. Chai niliyompa ameirudisha, anasema ni ya baridi.

Ameniomba chaki ya mjukuu wenu. Ameketi ngazini, amevua kiatu kimoja akakigeuza, ameandika chini kwa mkono wake, herufi zinapanda na kushuka. Amenikataza kusoma, anasema ni barua yako. Nimesoma. Ameandika: WA DOBI.

Anasema hiyo usiioshe.

Mwanao